Mwaka Niliomchora Mtoto wa Mwanahawa

Watu waliokuja kumzika Bi Teodora hawakuwa wengi, na karibu wote hawakujua kwamba marehemu aliwahi kuwa mchoraji. Walimjua kama yule mama asiyeona wa mtaa wa Chikongola, Mtwara, aliyependa redio na aliyechukia kushikwa mkono kabla ya kuulizwa. Padri alisoma maisha yake kwa ufupi: alizaliwa Newala, hakujaliwa mtoto, alihudhuria jumuiya bila kukosa. Nilikuwa nimesimama nyuma, nimejitanda kanga juu ya baibui, nikisubiri aseme jambo moja ambalo niliamini haliwezi kurukwa. Likarukwa. Tulipokuwa tunarudi nilipanda bajaji moja na mpwa wake, kijana mpole mwenye udongo wa kaburi kwenye viatu, naye akaniuliza, "Mama, mlijuana vipi na shangazi?" Nikamwambia aliwahi kunipa chumba nilipokuwa msichana. Ni kweli, lakini jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo kama mwiba wa samaki. Leo mimi ni mtu mzima, nimechora vitabu vya shule na vya afya ambavyo sikumbuki hata idadi yake, na bado kila ninapoanza ukurasa mpya viganja vinanitoka jasho. Woga huo una mahali ulipoanzia, na mahali penyewe ni nyumba ya Bi Teo. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia kijana yule.

Sitasimulia ya wazazi wangu wala ya Mpapura nilikozaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na kupata sifuri, na mama yangu mdogo, aliyekuwa akimpelekea Bi Teo mihogo mjini, ndiye aliyenifikisha pale nikiwa na mfuko wa nguo, naye akalala usiku mmoja. Kazi yangu ingekuwa kupika, kufua na kusaidia saidia. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu kwa mstari, huwezi kufika cha mwisho bila kupita viwili vya mwanzo. Cha kwanza kilikuwa na redio na viti vya mbao. Cha pili ndimo nilimolala mimi pamoja na gunia la mbaazi. Cha tatu, kilichotazama uani, kilikuwa cha kazi. Humo meza ilikuwa mlango mzee uliolazwa juu ya makreti ya soda, tundu la kitasa bado lipo, na Bi Teo alilitumia kusimamishia chupa ya wino. Usiku wa kwanza nilisikia maongezi yake na mama mdogo kupitia ukutani. "Hana kichwa cha shule," mama mdogo alisema, "lakini mikono yake ni mitulivu." Bi Teo akajibu, "Mikono mitulivu ndiyo ninayoitaka." Nililala nikijiuliza mikono yangu imefanya nini mpaka itakiwe. Mimi nilijua tu kwamba sifuri yangu ilikuwa imenitangulia kuingia nyumbani mwa watu.

Uani tulichangia na Mwanahawa na mumewe, ambaye alikuwa kuli bandarini. Mwanahawa alikuwa ananizidi umri kidogo, ana mimba, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kutoa maoni juu ya chakula changu kutoka dirishani kwake. "Somoe, hicho kisamvu hakijaiva, nasikia kinalia!" Bi Teo alikula polepole sana. Aliuvunja ugali wa muhogo kwa vidole kana kwamba anautafuta, na jioni aliponunua ming'oko, vile viazi vya porini, kwa mama aliyepita nayo kwenye beseni, aliimenya kwa meno huku amefumba macho. Nilidhani ni madaha ya watu wa mjini.

Juu ya kabati la chumba cha kazi kulikuwa na safu ya madaftari ya michoro. Mengine yalikuwa ya Bi Teo mwenyewe, na mengine ya wachoraji aliosoma nao chuo cha sanaa zamani. Siku ya kuagana walibadilishana, kila mmoja akaondoka na daftari la mwenzake. Nilikuwa nikifuta vumbi nilipofungua la kwanza. Mwenyewe alikuwa mchora katuni wa gazeti, na nilitegemea vichekesho. Nikakuta ukurasa mzima wa mbuzi: mbuzi mwenye miguu ya meza, mbuzi mwenye uso wa mjomba fulani, mbuzi aliyekatwa kwa hasira na mistari miwili ya wino, na kwenye kona ya chini, mdogo kama ukucha, mbuzi mmoja aliye hai kabisa. Daftari la pili lilikuwa la mama mmoja wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, na maelezo yake yalikuwa ya Kireno nisichokijua. Alichora dirisha lilelile kila siku, mvua na jua, mpaka nikaanza kumjua jirani yake aliyeanika nguo. La tatu lilikuwa la Bi Teo, nalo lilijaa mikono tu, inayopepeta, inayofunga kilemba, inayochambua mchele. Sikusikia alipoingia.

"Umeyapenda?"

"Mbona ni mabaya, Bi Teo?" Ulimi ulinitangulia, nikatamani kuumeza.

Alicheka. "Ndiyo, ni mabaya. Unachokiona kwenye kitabu kilichochapwa ni kile kimoja kilichopona. Humu ndimo walimo wagonjwa wote."

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kufeli anaweza kuelewa maneno yale yalinifanyaje. Nilikuwa nimeamini kwamba wanaoweza wanaweza tangu tumboni, na sisi wengine tunawapikia. Sasa nilikuwa nimeshika ushahidi kwamba mchora katuni ambaye mji mzima ulizichekea picha zake kwa raha alishindwa na mbuzi asubuhi nzima na hakuona aibu kuacha kushindwa kwake kwenye karatasi. Siku iliyofuata Bi Teo aliweka mezani daftari la mistari la duka la karibu na kalamu ya wino. Sharti lilikuwa moja: chai haimiminwi mpaka niwe nimechora kitu. Raba hairuhusiwi. "Ukikosea, kosea kingine pembeni yake," alisema, akimaanisha nichore tena kando. Nilichora sufuria. Nilichora jiko la mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, ndoo, kandambili. Asubuhi nyingine chai ilinywewa saa nne, na Bi Teo alikaa na njaa yake bila kunihimiza, jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko kama angenikaripia.

Vitu vyenye roho sikuvigusa. Ustadhi wetu Mpapura alitufundisha kwamba mwenye kuchora kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama akipulizie roho, na hataweza. Nilikuwa naogopa kweli. Nikimaliza kuchora kikombe niliangalia kama kivuli chake hakifanani na uso. Hatimaye nilimwendea mwalimu wa madrasa ya mtaani, nikamweleza kwamba kazi ya nyumba ile ni vitabu vya afya vya akina mama. Alisema wanazuoni wametofautiana, na kwamba picha ya kumfundisha mtu namna ya kuokoa mtoto si sanamu ya kuabudiwa. Kisha akaniaga, na macho yake hayakugusa hata mara moja daftari nililokuwa nimelishika. Nilirudi nyumbani nikiwa na ruhusa, lakini moyo haukutulia, na mpaka leo sina hakika kwamba umetulia.

Kazi yenyewe, ambayo Bi Teo alikuwa akiichora kwa mkono wake, ilikuwa kijitabu cha picha kwa wakunga na wanawake wa vijijini: dalili za hatari kwa mjamzito, na namna ya kumtunza mtoto aliyezaliwa njiti kwa kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitenge. Mradi ulikuwa na mratibu, Bwana Msafiri, mtu wa shati lililonyooka na maneno machache, ambaye alitaka kila picha ijaribiwe kijijini kabla ya kuchapwa. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho alikuja na gari kutuchukua, na kijiji alichokichagua kilikuwa Mpapura. Njia nzima nilikuwa naomba tusikutane na mtu ninayemjua, kama kwamba kwetu kuna watu nisiowajua. Kwenye baraza la zahanati walikaa wanawake kama darasa moja, kanga zimewabadilika rangi kwa vumbi la njano la salfa, na wawili watatu waliniita kwa jina na kuuliza nimeshaolewa. Bwana Msafiri alinyanyua picha ya kwanza bila kueleza chochote, akauliza wanaona nini.

Wakanyoosha shingo. Kisha bibi mmoja akasema, "Huyu mama kapatwa na ajali?"

"Ajali gani, bibi?"

"Mkono wake si huu hapa, umekatika? Na mtoto naye kafa, maskini. Tazama."

Kicheko kikaanzia pembeni, kikazunguka baraza lote, kisha kikafa ghafla, kwa sababu mwanamke mmoja aliyekaa mbele hakucheka. Alikuwa akitazama mtoto yule wa karatasi, akasimama, akaondoka. Baadaye niliambiwa alikuwa amezika wake mwezi uliopita. Nikageuka kumtazama Bi Teo. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, uso ameuelekeza mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Aliniuliza tuliporudi, tumekaa jikoni, mimi nachochea mkaa. "Walicheka nini?"

Nilipanga makaa upya kwanza. "Mkono haukushika bega, Bi Teo. Kiganja ni kizuri, kimetulia kabisa, lakini kiko mbali na mwili. Na shingo ya mtoto..."

Ndipo vitu vyote nilivyoviona mwaka ule bila kuvielewa vikajipanga: kutafuta ugali kwa vidole, kujigonga kwenye fremu ya mlango kila mara upande uleule, chai iliyomiminwa pembeni ya kikombe, lawama zake kwa taa kwamba umeme wa Mtwara hauna nguvu. "Naona ncha ya kalamu," alisema. "Naiona vizuri sana, Somoe. Sioni karatasi. Ni kama nachungulia kwenye tundu la mlango, na kila mwezi tundu linazidi kuwa dogo." Aliogopa kwenda hospitali kwa sababu angeambiwa jina la ugonjwa, na ugonjwa ukiwa na jina hauwezi tena kusingiziwa umeme. Aliogopa zaidi kwamba mradi ukijua, kazi itapewa mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona mwanamke wa kandokando ya mto Ruvuma anavyofunga mtoto. "Mwanangu, mimi nitasema, wewe utachora," aliniambia. Niliendelea kuchochea mkaa ambao ulikuwa umeshawaka.

Tangu siku hiyo hofu ikawa na chumba chake katika nyumba ile. Kandambili iliyochorwa vibaya haimuui mtu. Lakini mtoto akichorwa amelala vibaya kifuani, shingo imekunjwa, na mama wa kijijini akaiga picha, nani atajibu? Bi Teo alikuwa akikaa nyuma yangu akiniuliza kama mtu anayeuliza njia. Kidevu kiko wapi? Kiwiko kimefika kitovuni? Unaona ukucha au unaujua tu? Swali hilo la mwisho alilirudia mpaka nikaliota. Mikono ya vitabuni niliijua, mikono halisi sikuwa nimeiona. Nilirudi kwenye madaftari ya juu ya kabati kila siku, nikifungua ukurasa wowote, kujikumbusha kwamba hata wale walioweza walikuwa na wagonjwa wao. Wengine hutafuta dua ya kuwatuliza. Mimi nilikuwa na mbuzi walioshindikana wa mtu nisiyemjua.

Mwanahawa alijifungua kabla ya wakati. Walimruhusu kutoka hospitali na mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba nilipoonyeshwa sikujua niseme hongera au pole, na maelekezo kwamba amweke kifuani mchana na usiku. Aliitwa Athumani. Ucheshi wa Mwanahawa ulitoweka kabisa. Alikaa kwenye mkeka kizingitini mwake, kitenge kimemzunguka, kichwa cha mtoto kimechomoza chini ya kidevu chake kama yai kwenye kofia ya sufu. Kitu tulichokuwa tukikisaka kwa maneno chumbani kilikuwa uani kwetu, na sikuthubutu kuomba. Bi Teo ndiye aliyeomba. Mwanahawa hakuinua macho. "Mchoreni tu," alisema. "Akifa, angalau nitabaki na sura yake."

Basi kila asubuhi kabla ya chai nilitoka na daftari nikakaa mkabala naye. Ningependa kusema kwamba asubuhi zile zilikuwa tamu. Nilikuwa nikiamka na kukaa kwanza kitandani, nikisikiliza uani, kama kuna kilio. Nikisikia ufagio, au Mwanahawa akikohoa, ndipo nilipothubutu kuvaa kandambili. Nilichora sikio la Athumani, lililokuwa laini na limekunjika kama jani la kisamvu. Nilichora mkono wa mama yake chini ya kitenge, na namna kidole gumba kinavyoegemea mgongo wa mtoto bila kuukandamiza. Michoro ilikuwa mibaya, kisha ikawa haibadiliki, kisha siku moja nikaona kidole kimekaa palepale kilipo, na sikujua nilifanya nini tofauti. Mwanahawa alianza kuzungumza nami, sauti ya chini, asimwamshe mtoto. Alinisimulia ndoto zake. Aliniambia mumewe anaogopa kumshika mwanawe, hukaa bandarini mpaka jua lizame ili akirudi amkute amelala. "Wewe humwogopi?" aliniuliza. Nikamwambia namwogopa sana. "Lakini unakuja," akasema.

Asubuhi moja mstari ulikataa. Mwanahawa alikuwa amemlegezea kitenge mtoto apate hewa, na nilikuwa nachora ubavu wake, kazi niliyokwisha kuizoea: mstari mmoja unaopanda kidogo na kushuka. Kalamu ikaingia ndani. Nikachora tena pembeni, ikaingia ndani tena, chini ya mbavu, kama bakuli. Nikajilaumu kwamba mkono umelala, nikafungua ukurasa mpya. Mara ya tatu niliacha kutazama karatasi nikamtazama mtoto, na kifua chake kilikuwa kinabonyea kila alipovuta pumzi. Alivuta haraka haraka. Hakuwa analia, alikuwa ametulia, na Mwanahawa alikuwa ananisimulia jambo fulani la kuchekesha, la kwanza tangu ajifungue.

Niliinuka nikaingia chumba cha kazi. Nilikuwa na aibu kabla ya kuwa na hofu; niliona tayari nikichekwa, msichana wa sifuri anayewatisha watu kwa mchoro. "Bi Teo, sina hakika," nikaanza.

"Sema ulichoona. Usiseme unachokijua."

"Kifua kinaingia ndani akivuta pumzi. Jana hakikuingia."

"Umechora mara ngapi?"

"Tatu."

Alikuwa ameshasimama, anapapasa ukutani kutafuta kanga yake. "Basi usingoje ya nne. Mwite Mwanahawa. Taratibu, usimshtue, lakini mwite sasa hivi."

Tulipata gari la mtu aliyekuwa akipeleka mkaa sokoni. Mwanahawa alikaa mbele na mtoto, mimi na Bi Teo nyuma juu ya magunia, na nakumbuka Bi Teo amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu kiasi kwamba alama ilibaki. Hospitalini muuguzi alimtazama Athumani mara moja tu, akamchukua mikononi mwa mama yake na kuanza kutembea haraka, na mtu aliyewahi kuona muuguzi akiacha kusalimia anajua hali ile inavyokuwa. Ilikuwa nimonia. Kwa siku kadhaa sikuchora kitu. Nilikaa nje ya wodi na Bi Teo, tukila maandazi yasiyo na ladha, na mume wa Mwanahawa alikuja na nguo za kazi, nyeupe kwa vumbi la saruji, akasimama mlangoni akiuliza kila aliyepita kama anaweza kuingia. Walipomruhusu aliingia, na kupitia dirishani nilimwona amekaa kitandani, mwanawe amelazwa kwenye kifua chake kipana, na machozi yanamtiririka bila hata kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilitamani daftari, nikaona haya kulitamani. Athumani alipona. Siku hizi ni fundi wa majokofu, mtu mnene, hunisalimia kwa sauti kubwa sokoni na hajui kwamba naujua ubavu wake kuliko wangu.

Ni baada ya hapo Bi Teo alipomwambia Bwana Msafiri ukweli. Sikumshauri, na ningeombwa ushauri ningemsihi asiseme. Alimkaribisha kitini, akampa chai, akasema, "Macho yangu yamekwisha. Hizi picha mpya ni za Somoe. Zikikufaa, zikubali ukijua hivyo." Bwana Msafiri alizipanga mezani moja moja. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kati, nikiyasikia maji ya jikoni yakichemka na kumwagika motoni bila kwenda kuyaepua. Hakuzisifu. Alisema Mpapura picha ilishaeleweka vibaya mara moja, na yeye hataki kuamini macho ya mtu aliyemo chumbani humo, hata ya kwake. Zitajaribiwa tena, mbali zaidi, kwa watu wasiotujua. Zikifeli atatafuta mchoraji mwingine.

Alituchukua mpaka Kilambo, karibu na mto, kwenye mtaa wa familia zilizotokea ng'ambo, zinazolima mpunga na kufanya biashara ndogo ndogo za kuvuka mpaka. Wanawake waliokusanyika walizungumza Kimakonde kilichochanganyika na maneno ya Kireno, na Kiswahili chao kilikuja kwa kusitasita. Bi Teo alizuiwa kueleza lolote. Alikalishwa kando, mikono mapajani, kichwa ameinamisha upande mmoja akisikiliza. Picha yangu ikanyanyuliwa. Hakuna aliyesema kitu. Ikapitishwa mkono kwa mkono, mmoja akaigeuza, mwingine akaisogeza jua lilipo, mtoto akaipapasa kwa kidole chenye majimaji ya embe na mimi nikaona doa likienea kwenye kitenge nilichokihangaikia wiki nzima. Ukimya ule uliniumiza kuliko kicheko cha Mpapura. Niliwaza sufuria. Niliwaza kwamba ningebaki kwenye sufuria, kwani sufuria haimdai mtu roho.

Ikamfikia mama mmoja mnene, waliyemwita Mama Lusia. Aliiangalia, akaiweka chini juu ya mkeka, akaikandamiza kwa kijiwe isipeperuke. Kisha akageuka kwa mwenzake, akamchukua mtoto mchanga aliyekuwa amelala, akamvua kifulana, akafungua blauzi yake mwenyewe na kumlaza wima kati ya maziwa yake. Akamgeuzia kichwa pembeni, akainua kidevu kidogo pua ipate hewa. Akaomba kitenge kwa kunyoosha mkono, akajifunga, akafunga fundo. Mwenye mtoto alikuwa anacheka kwa mshangao.

"Hivi," Mama Lusia alimwambia Bwana Msafiri, kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mtoto anaota moto. Moto wa mama."

"Nani kakwambia?" akauliza Bwana Msafiri.

Akaionyesha picha kwa mguu, kama kwamba swali lenyewe ni la kijinga. Bi Teo, ambaye hakuwa ameona chochote, aliniuliza kwa kunong'ona, "Anafanya nini? Somoe, anafanya nini?" Nikamweleza kila kitu, kuanzia kifulana mpaka fundo.

Kijitabu kilichapwa, majina yetu yote mawili ndani ya jalada, langu limekosewa herufi. Nilidhani hofu ingeishia hapo. Lakini mwezi uleule nilimsindikiza Bi Teo kwenye hospitali ya misheni yenye kliniki ya macho, safari aliyokuwa ameikwepa mwaka mzima, na daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone itajaribu kukilinda kidogo kilichobaki. Alitoka akakaa kwenye benchi la nje, penye wagonjwa wengi na kelele za kuitwa majina. Nilikaa pembeni yake. Baada ya muda alinyoosha mgongo, akaweka sawa kilemba chake.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Leo hujachora. Nichore mimi."

Sikuwahi kumchora. Nilianza na macho, kwa sababu niliyaogopa, nikashuka kwenye mashavu, kwenye mdomo uliobanwa, kwenye vidole vilivyoshika karatasi ya dawa mpaka ikakunjamana. Alikaa bila kutikisika kama mtu anayenyolewa. Nilipomaliza sikumwambia, lakini alisikia kalamu imeacha.

"Nimetokaje?"

Ningeweza kusema amependeza. Nilimtazama yeye, nikatazama karatasi, nikasema nilichokiona. "Umetoka unaogopa, Bi Teo. Unaogopa sana."

Alivuta pumzi ndefu, akaachia, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi umepatia," akasema. "Huyo ni mimi."